Taa ya Kijani

Akina mama walikuwa wameshakaa kwenye benchi la nje, watoto mgongoni na kadi za kliniki mikononi, Nesi Getruda alipotoka kuwaambia warudi nyumbani. Hakuwa na chanjo hata moja ya kuwapa. Jokofu la zahanati lilikuwa limezima tangu mwisho wa juma, chupa zote zimepata joto, na kile kifaa cha ukutani, ambacho kazi yake pekee hapa duniani ni kupiga kelele jokofu likipata joto, kilikuwa kimekaa kimya kama hakimo. Mama mmoja mwenye shanga nyingi shingoni na vumbi la uwandani miguuni aliuliza tena kama amesikia vizuri. Kisha akamkaza mtoto mgongoni, akaondoka bila kumuaga mtu.

Mimi ndiye ninayekitia akili kile kifaa. Naitwa Lucia, mzaliwa wa Maretadu, nimekulia kwenye mahindi na maharage, nikaenda Dodoma kusomea kompyuta, nikarudi kufanya kazi Haydom kwenye mradi mdogo unaolinda majokofu ya chanjo katika zahanati za vijijini. Siku hiyo Getruda alikuwa amenipigia simu kwa sauti ambayo sikuipenda, nikapanda pikipiki ya Margwe, tukavuka uwanda mpaka zahanati hiyo ndogo iliyoko mbele ya Balangdalalu. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba haiwezekani. Ule ubovu nilikuwa nimeshautibu.

Ubovu wenyewe ulikuwa wa kijinga. Jokofu likipata joto, kifaa kilitakiwa kitume ujumbe kwa simu, kisha kipige kelele. Mtandao usipokuwepo, kilisubiri mtandao. Na kwa kuwa huku mtandao unakuja unapotaka wenyewe, kilisubiri siku nzima na usiku kucha, mdomo kimefunga. Nilikuwa nimegeuza mpangilio: kwanza piga kelele, ujumbe utafuata. Nikajenga imeji mpya, yaani programu nzima ya kifaa, kuanzia mfumo endeshi mpaka mlio wa kengele, ikiwa imefungwa pamoja kama mzigo wa safari. Nikaipa jina la toleo la tano, nikaitia kwenye kadi ndogo za memori, nikamkabidhi Margwe azungushe zahanati zote. Kazi yake ilikuwa kuchomeka kadi, kusubiri taa ya kijani, kuchomoa, na kwenda kituo kinachofuata.

Nikabonyeza kitufe cha pembeni. Kioo kidogo kikaandika: toleo la nne.

"Kaka Margwe," nikasema, "hapa ulichomeka kadi?"

"Nilichomeka."

"Ukasubiri taa ya kijani?"

"Nilisubiri."

"Sasa mbona kinaonyesha toleo la zamani?"

Margwe ni mtu mzima, amenizidi umri kwa mbali, na maneno yake huwa machache. Alikitazama kifaa, akanitazama na mimi. "Hilo sijui. Hicho ni chako."

Jibu hilo lilinipandisha mori. Nilikuwa nimetoka asubuhi bila hata chai, chanjo za watoto zimeharibika, na huyu ananiambia hicho ni chako! "Kifaa hakina sababu ya kudanganya," nikasema, na sikusema kwa sauti ndogo. "Mwenye sababu ni mtu anayewahi nyumbani."

"Lucia," Getruda akasema taratibu, "siyo hapa."

Lakini nilikuwa nimeshasema, na nilikuwa nimesemea hapohapo mlangoni. Akina mama waliokuwa bado hawajaondoka waligeuka. Mmoja akamwambia mwenzake neno kwa lugha ya kwao, na Margwe, ambaye boma lake liko upande huohuo na lugha hiyo anaijua, alilisikia. Alikwenda kwenye pikipiki yake akaiwasha, akanisubiri nipande.

Jioni hiyo Gidion, bosi wetu aliyeko Arusha, alipiga simu. Aliuliza jambo moja tu: ni mfumo, au ni mtu?

"Mfumo uko sawa," nikasema.

Na nililisema kwa majivuno, lazima niseme hivyo, kwa sababu ule mfumo nilikuwa nimeufia. Ungemwona aliyenitangulia! Maximilian alikuwa fundi mzuri, lakini aliacha kompyuta kama ghala lililopitiwa na panya. Bodi, yaani vibao vya saketi ndani ya vifaa vyetu, ni za aina tofauti tofauti, za zamani na mpya, na kila bodi inataka imeji yake. Yeye alizijenga kwa mkono, moja moja, na kuzihifadhi kwa majina ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasonya: "mpya", "mpya kweli", "ya mwisho", "ya mwisho kabisa usiguse". Nilipompigia kumuuliza ipi ndiyo inayofanya kazi, alicheka, akaniambia, "Aisee dada, jaribu zote."

Nilijaribu zote. Kisha nikazifuta zote nikaanza upya. Nikatenganisha vinavyotumika na bodi zote na vile vya kila bodi peke yake, nikaandika maelekezo, nikaunga kila kitu mpaka ikawa unaandika amri moja, mashine inajenga imeji za bodi zote na kuzipanga kwenye folda yake. Mashine yenyewe ni kompyuta kuukuu ya mezani tuliyopewa na watu waliokuwa wanaitupa. Betri yake ya ndani imekufa, haitunzi saa. Haina kioo cha madoido wala haiungwi na mtandao. Skrini nyeusi na maandishi meupe, basi. Umeme ukikatika, na Haydom umeme una tabia zake, inasahau hata ni mwaka gani, na ikiwaka inabidi uiambie. Kwa hiyo niliiwekea maswali kwa Kiswahili safi: Leo ni tarehe ngapi? Sasa ni saa ngapi? Nilitaka mtu yeyote ofisini aweze kuiwasha bila kunisubiri mimi. Mama Perpetua, anayefungua ofisi na kuitunza, alifurahi sana siku ya kwanza. Alisema hajawahi kuona kompyuta yenye adabu namna ile.

"Basi kama mfumo uko sawa," Gidion akasema, "huyo Margwe mwambie apumzike. Tutatafuta mwingine."

Nilimwambia kwa simu. Alisema, "Haya, nimesikia," akakata. Kesho yake kadi zote zilikuja na mwenye duka wa jirani, zimefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Chanjo nyingine zilipofika zahanati, mtu wa kupeleka kadi hakuwepo tena, ikabidi niende mwenyewe kwa bodaboda. Nilichomeka kadi kwa mkono wangu. Nilisubiri taa ya kijani, nikaisubiri nimekodoa macho, mpaka Getruda akaniuliza kama naumwa. Taa ikawaka. Nikachomoa, nikabonyeza kitufe.

Toleo la nne.

Nikachomeka tena, nikasubiri tena, nikabonyeza tena. Toleo la nne. Getruda alisimama nyuma yangu, mikono ameikunja kifuani. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Itakuwa kadi," nikasema.

"Itakuwa," akasema.

Alizipanga zile chupa mpya ndani ya jokofu, akavuta kiti na kukaa karibu nalo, kama mtu anayeuguza mgonjwa. Aliniambia siku ya kliniki iko karibu, na mpaka siku hiyo yeye mwenyewe ndiye atakuwa kengele.

Nikarudi Haydom na kesho yake nikaanza kuiandama ile mashine. Jamani, nilihangaika! Nilijenga imeji, nikaijaribu kwenye bodi ya mezani, ikasema toleo la tano. Nikacheka peke yangu. Nikajenga ya bodi za zamani, kama ile ya kwa Getruda, ikasema la nne. Nikarekebisha herufi chache, nikajenga tena, ikakubali. Umeme ukakatika. Uliporudi mama Perpetua akaiwasha mashine, nikagusa kitu kidogo, nikajenga, ikatoka ileile ya kabla, kama sijagusa kitu. Nilibadilisha kadi. Nilibadilisha waya. Nilisoma maelekezo yangu mwenyewe mstari kwa mstari, kwa sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kitu kikiharibika kabisa, unajua umeharibikiwa. Lakini kitu kinachofanya kazi asubuhi na kugoma mchana kinakutia wazimu. Nilifika mahali nikaanza kuibembeleza. Nilifika mahali nikaipiga kofi. Katikati ya hayo yote nilikuwa nawaza jinsi Margwe alivyosimama pale mlangoni, nikawa naiuliza mashine upya ili nisimwaze.

Siku nyingine ikawa ileile. Umeme ulikatika, nikatoka kwenda kwa mama ntilie aliye karibu na stendi, pale mabasi yanaposhusha wagonjwa wa hospitali na ndugu zao. Nilikaa na chai mbele yangu bila kuinywa. Kijana mmoja alikuwa anamshusha bibi yake kwenye basi, amembeba mikononi, bibi anamgombeza kwamba anamshika vibaya. Nikasikia jenereta za madukani zinazimwa, nikajua umeme umerudi. Nikaacha chai.

Nilipoingia ofisini mama Perpetua alikuwa mbele ya mashine, ameinama, anabonyeza herufi kwa kidole kimoja kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa anaijibu maswali. Nilisimama nyuma yake nikisubiri anipishe, na macho yangu yakaangukia kwenye skrini.

Sasa ni saa ngapi? Na chini yake: 05:10.

Nje jua lilikuwa kali, bati linalia kwa joto.

"Mama," nikasema, "umeandika nini hapo?"

"Saa." Akaitazama saa ya mkononi. "Saa tano na dakika kumi. Kwani yangu imesimama?"

"Haijasimama."

"Imeniuliza saa, nimeijibu saa," akasema, akiwa na wasiwasi sasa. "Nimekosea, mwanangu?"

Nikakaa chini, sakafuni, palepale nilipokuwa. Hakukosea. Kwake yeye, kwa mama yangu kule Maretadu, na kwangu mwenyewe ninapoongea na binadamu, jua likiwa pale ni saa tano. Kwa mashine ile tano ni alfajiri. Mimi asubuhi niliijibu kwa namna ya mashine, kwa mazoea ya chuo, hata sifikirii. Yeye mchana aliijibu kwa namna ya watu. Na mashine ya kujenga haisomi kila faili upya, maana hiyo ingekuwa kazi ya kutwa. Inatazama saa tu. Faili likiwa limeguswa baada ya kitu kujengwa, inajenga upya. Likionekana limeguswa kabla, inasema hili tayari, inachukua cha jana na kukifunga kwenye mzigo wenye jina jipya. Marekebisho yangu ya bodi za zamani niliyafanya mchana, baada ya umeme kurudi. Kwa mashine, niliyafanya alfajiri, kabla ya ile kazi ya asubuhi. Yalikuwa yamepitwa na wakati kabla hayajazaliwa.

Swali nililiandika mimi. Kwa Kiswahili safi. Nikamweka mbele yake Mswahili, nikategemea ajibu kama mashine.

Nilicheka. Kicheko kikageuka, na mama Perpetua akaja akanishika bega, akawa ananiuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, mama, ni kazi tu. Akasema kazi gani ya kumliza mtu hivyo, akaenda kunichemshia maji.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Niliifundisha mashine isiamini saa ya mtu yeyote, ilinganishe maandishi yenyewe, na ikiona hata nukta imebadilika ijenge upya. Nilijenga imeji za bodi zote nikazijaribu moja moja, na zote zikasema la tano, umeme umekatika na umerudi. Kisha nikampigia Gidion nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema hiyo atawasimulia wenzake wa Arusha. Nikamuuliza, na Margwe je?

"Mpigie arudi kazini, yaishe," akasema.

Yaishe! Nilimpigia Margwe. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena jioni, ikawa hivyohivyo.

Nilifika zahanati siku yenyewe ya kliniki, benchi limejaa. Nilichomeka kadi, taa ya kijani ikawaka, nikabonyeza kitufe, na kioo kikaandika toleo la tano. Getruda akachomoa kipimajoto kwenye jokofu akakifumbata mkononi ili tuone. Mtandao haukuwepo. Kifaa kilipiga kelele mpaka watoto wote wakaanza kulia kwa pamoja, na Getruda, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kulala kwenye kiti, akapiga makofi na kucheka. Chanjo zilikuwa nzima. Alianza kuita majina.

Mama mmoja aliyekuwa mwanzoni mwa foleni alikuwa anakitazama kifaa. "Kwa hiyo kilikuwa kizima," akasema. "Ni yule mwongo tu. Wamemfukuza?"

"Hakudanganya," nikasema.

"Mlisema wenyewe. Tuliambiwa amesemwa hapahapa."

"Mimi ndiye niliyesema. Nilikosea mimi. Margwe alifanya kazi yake."

Alinitazama, akamgeuza mtoto begani. "Haya," akasema, kwa namna ya mtu anayepokea habari isiyomhusu, kisha Getruda akamwita.

Boma la Margwe si mbali na pale kwa bodaboda. Nilimkuta nje, anafunga upya miiba ya zizi, panga liko pembeni. Aliniona nikishuka na hakuacha kazi mpaka nilipofika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Mkewe alinitolea kigoda na kikombe cha maziwa mgando. Hayo ni mambo ya adabu, hata adui angepewa. Nikayanywa, na yeye akakaa juu ya gogo, akanisubiri. Nikamweleza yote. Nilimweleza habari ya umeme, ya mama Perpetua, ya saa, jinsi mashine ilivyokuwa inafunga cha jana na kukiita cha leo. Nilisema nisamehe, na nililisema nikiwa nimeinama kwa sababu uso wake ulikuwa umetulia mno. Nikamwambia Gidion amesema arudi. Nikatoa kadi mkobani nikazishika mbele yake.

Hakuzipokea.

"Hiyo mashine," akasema, "ilipokuambia uongo, uliirudia?"

"Niliirudia sana. Siku kadhaa. Nilibadilisha kadi, nikabadilisha waya, nikasoma kila kitu upya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliijenga mwenyewe. Nilijua haiwezi kuwa imeharibika bure, lazima kuna sababu."

Akaitikia kwa kichwa. Upepo ulipita ukarusha vumbi la zizi, tukafumba macho wote wawili, likapita.

"Na mimi uliniuliza mara ngapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Ng'ombe walikuwa mbali, mkewe ameingia ndani, na yule wa bodaboda alikuwa anachezea simu yake barabarani.

"Mara moja," nikasema.

"Mara moja," akasema. Hakuwa na hasira. Ningetamani awe nayo. Aliokota panga akakata kamba iliyobaki, akaifunga, akaivuta kuona kama imeshika. "Mke wangu akienda kisimani, wanamwachia nafasi. Hawamsogelei. Mwanangu ameulizwa shuleni. Wewe umewaambia watu?"

"Nimewaambia. Leo, kliniki."

"Waliokuwepo siku ile?"

Nikafikiria lile benchi la asubuhi ya leo, sura moja baada ya nyingine. Hakukuwa na yule wa shanga. Hakukuwa na yule aliyemwambia mwenzake neno.

"Siyo hao," nikasema.

Margwe akasimama. Alinyoosha mkono wenye panga kuelekea uwandani, mahali ambapo mimi niliona nyasi na vumbi tu, na taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, akaanza kunionyesha.

"Mmoja ni wa kule, penye bati jipya. Wa pili yuko ng'ambo ya korongo, uliza boma la wajane. Yule aliyekuwa na pacha amehamia kwa kaka yake, kule kwenye vile vilima. Pikipiki haifiki. Mbwa wao ni wakali, uite ukiwa mbali."

Kisha akainama kwenye miiba yake.

Nikazirudisha kadi mkobani. Nikamwambia wa bodaboda anisubiri, au aende, nitajua mwenyewe namna ya kurudi. Bati lile liliwaka juani, mbali kuliko lilivyoonekana nilipokuwa nimekaa, na nikaanza na hilo.